Middlesex haikumezwa yote na London

Ukimwuliza mtu ilikokwenda kaunti ya Middlesex ya Uingereza, atakwambia iliingizwa London mwaka 1965. Huo ni ukweli nusu. London ilianza kuimega mapema: mwaka 1889 maeneo yake ya karibu na mji, kama Westminster na Hackney, yalikatwa yakawa sehemu ya kaunti mpya ya London. Baraza la Middlesex lilipovunjwa tarehe 1 Aprili 1965, sehemu kubwa ilikwenda London Kuu, lakini mji wa Potters Bar ukapewa kaunti jirani ya Hertfordshire, na miji ya Staines na Sunbury ikaenda kaunti ya Surrey. Posta nayo (hapa ndipo wengi huchanganyikiwa) iliendelea kutumia jina Middlesex kwenye anwani kwa miaka 30 hivi. Timu ya kriketi ya Middlesex bado inacheza Lord's, uwanja ambao eneo lake haliko tena ndani ya kaunti hiyo tangu 1889.