Muziki kwa mgonjwa mwenye maumivu: maswali ya wanaouguza wodini

Je, muziki unapunguza maumivu kweli, au unamsahaulisha mgonjwa tu?

Kumsahaulisha nako ni sehemu ya tiba. Taarifa za kidonda hupanda kwa mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo, kisha ubongo. Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa uti wa mgongo una kama lango: hofu hulipanua, utulivu hulibana. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio zaidi ya 70 kwa watu waliopasuliwa. Waliopigiwa muziki walisikia maumivu na wasiwasi kidogo kuliko wenzao, na walihitaji dawa kidogo za kutuliza maumivu.

Mama kapasuliwa tumbo, yuko hospitali ya Bugando, Mwanza. Nimpigie muziki gani?

Mwulize yeye. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kijana anakuja na nyimbo zake, mama wa Magu ananyamaza kwa adabu huku anaumia. Huenda anataka kwaya, kaswida, dansi la zamani au ngoma za Kisukuma. Uliza pia asizozitaka, maana wimbo uliopigwa kwenye msiba wa nyumbani unaweza kumliza.

Kwa kupumzika, tafuta wimbo wenye mapigo 60 hadi 80 kwa dakika. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Singeli inapita mbali kiwango hicho, kwa hiyo iache, isipokuwa mwenyewe ameidai na inamtuliza.

Pakua nyimbo kwenye simu au kadi ya kumbukumbu mapema. Redio na nyimbo za mtandaoni huingiza matangazo, na tangazo la kupiga kelele humshtua mtu aliyekuwa anasinzia, akakaza tumbo, mshono ukauma.

Nianze saa ngapi, na kwa muda gani?

Anza kabla maumivu hayajapanda. Kama kidonda kitasafishwa saa 4 asubuhi, mwulize muuguzi dawa ya maumivu itatolewa lini. Vidonge vingi huchukua nusu saa hadi saa nzima kufanya kazi. Washa muziki dakika 10 kabla ya bandeji kufunguliwa, uendelee hadi ifungwe tena. Siku za kawaida, dakika 20 hadi 30 asubuhi na kabla ya kulala zinatosha.

Kabla na baada, mwulize: kuanzia 0, yaani haumwi kabisa, hadi 10, maumivu yasiyovumilika, yuko wapi? Andika namba na saa kwenye daftari. Daktari anayepita wodini ataitumia kuliko maneno “anaumwa sana”.

Wodi ina vitanda vingi. Niweke spika?

Hapana, jirani naye ni mgonjwa. Tumia spika za masikioni, sikio moja tu, ili amsikie muuguzi akimwita. Ukisikia muziki ukiwa umekaa pembeni ya kitanda, punguza. Usiziazimishe; ikibidi, zifute kwa spiriti ya asilimia 70 uache zikauke. Mwenye jeraha la kichwa, usaha sikioni au kuchanganyikiwa, mwulize daktari kwanza. Waya usibaki shingoni akilala, hasa kwa mtoto.

Akiimba mwenyewe?

Vizuri, kama daktari hajamzuia. Kuimba taratibu kunamfanya avute pumzi ndefu, jambo ambalo waliopasuliwa tumbo huliogopa, na mapafu yasiyojaa hewa hukaribisha nimonia. Akunje khanga, aibane juu ya mshono kwa viganja, kisha aimbe mstari mmoja mmoja na kupumzika. Kizunguzungu kikija, aache.

Basi dawa zinaweza kupunguzwa?

Uamuzi huo ni wa daktari. Usimnyime dawa kwa sababu ametulia; muda wake ukifika, anywe. Na maumivu yakizidi ghafla, tumbo likiwa gumu, homa ikipanda, mshono ukitoa usaha, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, zima muziki umwite muuguzi hapo hapo.