Kruzi ya Karibi na familia: msosi na michezo, uongo ni upi na ukweli ni upi

Likizo ya Machi ikikaribia tu, magrupu ya WhatsApp ya watu wetu walioko Marekani yanajaa swali moja, jamani nataka kupeleka familia kruzi ya Karibi, yaani safari ya meli ya mapumziko, watoto watakula nini, na zile siku za baharini tupu si tutaboeka? Sasa subiri majibu. Mmoja anakwambia ukishalipa umemaliza, huko ni kula na kulala, mwingine anakwambia usithubutu, utarudi na deni. Sisi wa Houston na Dallas Galveston iko karibu, unaendesha gari mpaka bandarini, unapanda meli unaelekea Cozumel, Costa Maya, Roatán, kwa hiyo stori za kruzi huku hazikosekani na uongo nao haukosekani. Naanza na ule unaokula hela za watu.

Dhana: Ukishalipa tiketi, ndani ya meli kila kitu ni bure.

Ukweli: Hapana, ila vya bure ni vingi kuliko watu wanavyodhani, shida ni kwamba hawajui mpaka uko wapi. Ulicholipia ni chumba, chakula cha mkahawa mkuu asubuhi na jioni, bafe, pizza, aiskrimu, shoo za jioni, mabwawa, slaidi za maji karibu zote, na klabu ya watoto. Maji, kahawa ya kawaida, chai, juisi ya asubuhi, vyote vimo. Soda haimo kwenye kampuni nyingi, ila Disney wao soda ya mezani na ile ya kujichotea kule juu karibu na bwawa hawalipishi. Pombe, waifai, mikahawa maalumu, spa, picha, matembezi ya bandarini, hivyo vyote ni mfukoni mwako.

Halafu kuna tipu, na hii ndiyo inayoshtua watu. Kampuni nyingi zinakukata zenyewe, kama dola 16 mpaka 20 kwa kichwa kwa siku, na mtoto wa miaka minne anakatwa sawasawa na baba yake. Piga hesabu, watu wanne, usiku 7, unakaribia dola 500 kabla hujanywa hata soda. Hiyo hela si ya kukwepa, wanaokutandikia kitanda na kukuhudumia mezani wanaitegemea, we iweke tu kwenye bajeti toka mwanzo.

Na vinywaji: kwenye kampuni za Royal Caribbean na Carnival ukinunua pakeji ya pombe (unalipa bei moja kwa siku badala ya kulipia kila kinywaji) kwa mtu mzima mmoja, watu wazima wote wa chumba hicho wanatakiwa kununua. Yaani baba anakunywa, mama hajawahi kuonja bia maishani, mnalipa wote wawili, kwa siku zote za safari. Kama mnywaji mwenyewe ni wa bia mbili jioni, nunua hizo bia mbili uachane na pakeji.

Kingine, ndani ya meli hakuna keshi, mnatumia kadi ya chumba ambayo imeunganishwa na kadi yako ya benki, na watoto nao wanapewa ya kwao. Kile chumba cha magemu kinapenda sana kadi za watoto. Siku ya kwanza kabisa nenda dawati la huduma uwaambie wazuie matumizi kwenye kadi ya mtoto, wanafanya hapo hapo.

Dhana: Chakula cha bure ni cha hivi hivi tu, ukitaka kula vizuri lipia mkahawa maalumu.

Ukweli: Hii mimi nabishana nayo kila siku. Mkahawa mkuu unakaa kwenye meza yenye kitambaa, unaletewa cha kuanzia, mlo wenyewe, halafu kitamutamu, na menyu inabadilika kila jioni. Hujui uchague samaki au nyama? Agiza vyote viwili, hakuna anayekushangaa. Siku hizi Carnival wanatoza dola 5 ukifika mlo mkuu wa tatu, na Royal Caribbean kwenye safari ndefu wanaleta kamba-koche usiku mmoja, wa kwanza bure, ukitaka wa pili unalipa. Zaidi ya hapo kula. Na Carnival wana kibanda cha baga karibu na bwawa, Guy's, hakilipishwi kitu, ila kuna watu wanakipita siku tatu wakidhani ni cha kulipia kwa sababu ya foleni na jina kubwa.

Mikahawa ya kulipia nayo si mibaya, kama mna kumbukumbu ya ndoa, nyie wawili nendeni watoto wakiwa klabu. Ila kupeleka kule mtoto ambaye atakula chipsi na ketchup tu ni kutupa hela baharini kweli kweli.

Disney wana kitu kizuri nikiri, mnazunguka mikahawa mitatu tofauti siku kwa siku na wahudumu wenu wanahama na nyinyi, jioni ya pili weita keshajua yule mdogo hataki kitunguu na juisi yake isiwe na barafu. Wazazi wenye watoto wadogo wanaelewa uzito wa hili.

Kuhusu muda wa kula, kampuni nyingi zina zamu mbili za jioni, moja kama saa kumi na moja na nusu au kumi na mbili, nyingine saa mbili na kitu, na wengine wanakuachia uje muda unaotaka. Kampuni ya Norwegian ndio waliojijengea jina na hiyo ya kula muda wowote tangu 2000. Mwenye watoto wadogo abuku zamu ya mapema siku ile ile anayolipia, maana inajaa, na mtoto wa miaka mitatu saa mbili na robo usiku akisubiri supu, hapo hakuna kruzi tena. Disney zamu ya pili wana mpango wa walezi kuja mezani kuwachukua watoto waliomaliza kula wawapeleke klabu, nyinyi mnabaki na kahawa yenu.

Dhana: Waislamu huko mtakufa njaa. Na ndugu yake: we sema tu "halali" watakuletea.

Ukweli: Zote mbili si kweli. Meli nyingi za Karibi jiko ni moja na usichukulie kwamba kuku au ng'ombe wa pale ni halali, kama hujaambiwa na kampuni kwa maandishi basi chukulia siyo. Lakini njaa haipo. Samaki wapo kila siku, mayai, na chakula cha Kihindi kisicho na nyama, wali, dali, mboga, chapati za aina yake, kwenye Royal Caribbean na Carnival unaweza kula hivyo kila jioni ukiomba. Siri yake ni kuongea na mkuu wa wahudumu jioni ya kwanza, si kwa weita aliyebeba sahani sita, umwambie hatuli nguruwe wala kitu chenye mvinyo, atakuwa anakuletea menyu ya kesho yake leo usiku mchague mapema. Mvinyo ndio unaojificha, unakaa kwenye sosi na kwenye keki, na jelatini kwenye vitamutamu. Wafanyakazi wengi wanatoka Ufilipino, India na Indonesia, kwa hiyo ukikutana na kijana wa Indonesia mara nyingi humalizi hata sentensi keshakuelewa. Mwenye mzio wa karanga au maziwa naye ni njia hiyo hiyo, andika wakati wa kubuku kisha kumbusha ukishapanda.

Ugali hakuna, tusidanganyane. Na hapa kuna watu wanajifanya wajanja wanapakia chapati, sambusa na samaki wa kukaanga kwenye begi. Chakula kilichopikwa nyumbani hakiruhusiwi kupanda, biskuti na vitafunwa vya dukani ambavyo pakiti haijafunguliwa sawa. Birika la umeme, jiko la wali, pasi, vyote vinachukuliwa getini unarudishiwa siku ya mwisho. Pilipili yako ya chupa iliyofungwa inapita, hiyo chukua, chakula cha meli hakina ukali wa kutosha kwa ulimi wetu.

Dhana: Meli zile ni za kuharisha, watu wote wanaugua.

Ukweli: Norovirus, kirusi cha kuharisha na kutapika, ipo na ikiingia inasambaa haraka kwa sababu watu wanashika koleo zile zile za bafe. Ila meli zinazotia nanga Marekani zinakaguliwa na CDC, shirika la afya la serikali ya Marekani, bila taarifa, kawaida mara mbili kwa mwaka, alama ni 100 na ukipata 85 kushuka chini umefeli, na matokeo yako wazi mtandaoni kwa jina la meli, angalia ya kwako kabla hujalipa. Kinachowaponza watu ni ile sanitaiza mlangoni, wanapaka matone mawili wanaona wamemaliza, wakati kirusi hiki sanitaiza ya pombe haikiwezi vizuri. Sabuni na maji, tena watoto uwasimamie.

Dhana: Klabu ya watoto unamwacha yeyote kuanzia asubuhi mpaka usiku.

Ukweli: Angalia umri kwanza. Royal Caribbean klabu ya bure inaanzia miaka mitatu na mtoto awe ameacha pampasi, Carnival wanaanzia miaka miwili. Chini ya hapo Royal na Disney wana chumba cha vichanga ila kinalipiwa kwa saa na nafasi ni chache, unabuku mapema. Na kwenye Royal ikishapita saa nne usiku hata ile ya bure inaanza kulipiwa kwa saa. Kuhusu kuboeka, mh, Icon of the Seas iliyoanza safari Januari 2024 kutoka Miami ina slaidi sita za maji, Mardi Gras ya Carnival ina roli-kosta juu ya meli (hiyo unalipia kila unapopanda), kuna meli zina barafu ya kuteleza na mashine ya mawimbi ya kujifunza kusafu. Pima mtoto urefu kabla hujamuahidi kitu, slaidi nyingi zinataka inchi 42 au 48, yaani kama sentimita 107 au 122, na kilio cha mtoto aliyepungukiwa sentimita mbili mbele ya foleni utakisikia siku nzima.

Shoo kubwa kubwa, za barafu na za kuruka majini, ni bure ila viti vinabukiwa kwenye apu ya kampuni, na apu inafanya kazi ndani ya meli hata kama hujanunua waifai. Watu wanajua hili siku ya nne wakati zimejaa.

Dhana: Bwawani kuna waokoaji, we tulia.

Ukweli: Disney wanao, Royal Caribbean waliweka 2017, lakini si kila kampuni inao, na hata wakiwepo bwawa lina watu kama soko la Jumamosi. Mtoto anayejifunza kuogelea mtu mzima awe ndani ya maji naye, simu iachwe. Na mtoto wa pampasi haruhusiwi bwawa kubwa hata akivaa zile za kuogelea, anaruhusiwa sehemu maalumu tu na si meli zote zinayo, uliza.

Dhana: Usiku wa mavazi rasmi bila suti hawakuruhusu.

Ukweli: Shati lenye kola na suruali ndefu vinatosha, kitenge kilichoshonwa vizuri kinawapita wote wenye suti. Hutaki kabisa? Bafe ipo wazi.

Dhana: Meli ikitia nanga lazima ushuke na ununue matembezi.

Ukweli: Si lazima, na kwa familia yenye watoto wadogo siku ya bandari ndiyo siku tamu ya kubaki, slaidi hazina foleni, bafe iko wazi, kasino na maduka tu ndiyo yanafungwa. Kama mnashuka, msibebe matunda ya bafe, sheria za kilimo za nchi nyingi zinakataza. Ila visiwa vya kampuni zenyewe ni habari nyingine, hapo shukeni, CocoCay ya Royal Caribbean na Castaway Cay ya Disney, zote Bahamas, chakula cha mchana kiko ndani ya tiketi, ufukwe bure, viti bure. CocoCay ile bustani kubwa ya slaidi unayoiona kwenye kila video inalipiwa kwa kichwa na si bei ndogo, wakati upande wa pili kuna bwawa kubwa sana na sehemu ya watoto kurushiana maji, huko hulipi hata senti. Waelekeze watoto huko kwanza kabla hawajainua macho wakaona zile slaidi.