Je, Wajua? Kwa Nini Kibali cha Bustani ya Universal Bedford Kilitoka kwa Waziri

England, kuwa na hati ya kiwanja hakukupi haki ya kujenga juu yake. Tangu sheria ya mipango miji ya 1947, mwenye ardhi huomba ruhusa. Kwa kawaida maombi huenda halmashauri, tangazo hubandikwa kwenye nguzo ya taa mtaani, majirani wakatoa dukuduku zao, kisha madiwani au maofisa wao wakaamua.

Universal, kampuni ya Kimarekani ya filamu na bustani za burudani iliyo chini ya kampuni mama ya Comcast, haikupita njia hiyo. Bustani yake kubwa ya burudani inayopangwa Kempston Hardwick, nje kidogo ya mji wa Bedford, ilipata ruhusa Desemba 2025 kwa amri maalumu ya waziri anayeshughulikia nyumba na mipango miji. Sheria ya mipango miji ya 1990 inampa waziri uwezo huo, ingawa ni nadra kuutumia. Maoni ya wananchi hukusanywa, lakini mwenye kalamu ni waziri, na amri yenyewe ndiyo inayogeuka kibali, pamoja na masharti yake. Kwa mfano, majengo na mitambo haitazidi mita 115 kwenda juu.

Kwa nini njia hii ya mkato? Ili uelewe, tuteremke kwanza hadi Kent, kusini-mashariki mwa England, kwenye rasi ya Swanscombe kando ya mto Thames. Huko kulikuwa na mpango wa bustani nyingine, London Resort, uliopewa mwaka 2014 hadhi ya mradi wa kitaifa. Njia hiyo nayo inaishia kwa waziri, ila kwa uchunguzi mrefu wa hatua kwa hatua. Mwaka 2021 eneo likatangazwa kuwa la hifadhi, kwa ajili ya mimea, ndege na wadudu wake, akiwemo buibui mrukaji wa milimita chache anayepatikana sehemu mbili tu Uingereza nzima. Machi 2022 wawekezaji wakaondoa maombi. Miaka kumi ya michoro, hakuna hata bembea moja.

Bedford ilikuwa rahisi zaidi, na hapa udongo unastahili sifa. Mfinyanzi wa huko una mabaki ya viumbe wa kale ndani yake, kiasi kwamba tofali likiingia tanuruni hujichoma lenyewe kwa sehemu kubwa. Makaa yanayohitajika ni machache. Ndiyo maana bonde lile lilijaa viwanda vya matofali, na vilipofungwa vikaacha mashimo na ardhi iliyokaa bure. Universal ilinunua ekari 476. Kwenye kura yake ya maoni, asilimia 92 ya waliojibu waliunga mkono. Kumbuka tu kwamba aliyeuliza ndiye muuzaji.

Halafu kuna reli na barabara. Wageni milioni 8.5 wanaotarajiwa kwa mwaka, kuanzia 2031, hawataingia kwa njia za vijijini. Stesheni ya Wixams inapaswa kupanuliwa na barabara kuu ya A421 iongezewe njia za kuingilia na kutokea, mambo ambayo halmashauri peke yake haiwezi kuyaamrisha.

Jirani asiyeridhika bado ana mahakama. Ila jaji hatauliza kama bustani inafaa au haifai. Ataangalia tu kama waziri alifuata sheria.