Kupandisha Busti Si Dawa ya Turbo Inayolala

Juzi asubuhi kijana mmoja aliegesha Subaru Forester yake mbele ya gereji yetu hapa Igoma, Mwanza, akaniamkia kwa adabu, kisha akaniwekea juu ya meza kiboksi chenye kidhibiti busti alichokiagiza mtandaoni, yaani kifaa cha kuongoza busti, presha ya hewa ambayo turbo huisukumia injini na ambayo hupimwa kwa psi. "Fundi, nifungie hiki, unipandishie mpaka psi 18. Nimechoka na turbo inayolala." Alikuwa mtu wa tatu mwezi huu kuniletea ombi hilo, na kwa kuwa wote watatu niliwaeleza nikiwa na spana mkononi na hakuna aliyeniamini, nimeona afadhali niandike.

Psi 18 ni kilele cha busti, ilhali kuchelewa kwa turbo, huko wanakokuita kulala, ni safari ya kukifikia kilele hicho. Ukiurefusha mlima, safari haifupiki.

Tutenganishe pia mambo mawili ambayo vijiweni hupewa jina moja. Ukikanyaga mafuta injini ikiwa na mizunguko 1,800 kwa dakika katika gia ya nne na gari lisiitikie, tatizo ni kwamba moshi unaotoka kwenye injini bado ni mchache mno kuizungusha turbine, lile gurudumu la turbo linalosukumwa na moshi, na hakuna kidhibiti kinachoweza kuuzalisha. Shusha gia, au funga turbo ndogo zaidi. Kuchelewa ninakokuzungumzia ni ule muda unaopita ukiwa tayari na mizunguko ya kutosha, tuseme 3,500, ukakanyaga mpaka chini, na nguvu ikaja baadaye. Hapo kidhibiti kinaweza kusaidia, tena kupitia westigeti peke yake, yaani kile kilango kinachopitisha moshi pembeni ya turbine ili busti isizidi.

Wengi huamini kwamba westigeti hukaa imefungwa kabisa mpaka busti itimie, ndipo ifunguke kwa mara moja. Imani hiyo ndiyo inayonichosha kuliko zote. Akichueta ya kiwandani, yaani kile kifaa kinachosukumwa na presha ya busti ili kuifungua westigeti, ina springi, na springi husogea kidogo kidogo kadiri presha inavyopanda, kwa hiyo westigeti iliyopangwa kwa psi 7 huanza kupitisha moshi pembeni kabla psi 7 haijafika, mithili ya mlinzi anayefungua geti wakati mgeni angali kwenye kona ya barabara. Moshi huo unaopita pembeni ndio ambao ungeizungusha turbine katika sekunde ile unayoihitaji zaidi. Kidhibiti kizuri huificha akichueta presha mpaka busti ikaribie kiwango kilichopangwa: kile cha gololi huziba mpira unaoipelekea akichueta presha mpaka gololi inyanyuliwe, na kile cha solenoidi, yaani valvu ya umeme, hufungua na kufunga njia mara nyingi kila sekunde. Kile cha bei rahisi, ambacho huvujisha tu sehemu ya presha njiani, hupandisha kilele, lakini westigeti huendelea kufunguka polepole ikiwa njiani kama zamani. Kwenye kile kiboksi kilikuwamo hicho cha kuvujisha.

Maana yake ni kwamba unaweza kuiacha busti karibu na ile ya kiwandani na gari bado likaamka mapema. Sentensi hii nimeirudia mpaka imepoteza ladha, na bado mteja huuliza, "Sasa itafika ngapi?"

Gharama ipo. Westigeti iliyochelewa kufunguka hukutana na turbine ambayo tayari inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na turbine hiyo haitii breki. Busti huruka juu ya kiwango kwa muda mfupi, na muda huo mfupi unatosha injini kugonga, yaani mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda, na pistoni kupasuka. Ndiyo maana sifungi kidhibiti kwenye gari lisilo na geji ya busti, hata mwenye gari akinuna.

Halafu kuna vipimo vinavyonakiliwa kutoka kwa rafiki wa Dar es Salaam. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ina presha ya takriban psi 12.8, wakati pwani ni psi 14.7. Geji ikisoma psi 12, turbo ya pwani imeibana hewa mara 1.82, na ya Mwanza imeibana mara 1.94. Geji inasema kitu kimoja, ila turbo ya huku inafanya kazi kubwa zaidi, inapasha hewa joto zaidi na inachukua muda mrefu zaidi kufika. Rafiki yako hakukudanganya. Alikupa namba za baharini.

Wapo wanaosema turbo huchelewa kwa sababu ya mabomba marefu ya intakula, kile kipoza hewa kilicho kati ya turbo na injini; hapo kelele ni nyingi kuliko hoja. Injini ya lita 2 kwenye mizunguko 3,000 huvuta karibu lita 50 za hewa kila sekunde, kwa hiyo lita mbili tatu za bomba la ziada hazitakumalizia ujana. Ekzosi iliyobana baada ya turbo ina madhara makubwa zaidi.

Nikiri jambo moja. Nilipojaribu kidhibiti cha gololi kwenye gari langu, katika barabara ya kwenda Kisesa, busti kamili ilikuja mizunguko kama 300 mapema kuliko awali. Lakini siku hiyohiyo nilikuwa nimebadilisha klipu mbili zilizolegea, na majaribio ya kwanza niliyafanya mchana wa jua kali, ya pili jioni yenye upepo wa ziwani. Sitaapa kwamba zote 300 ni za gololi. Wala sijawahi, kwa uendeshaji wa mjini, kuhisi tofauti kati ya gololi iliyopangwa vizuri na solenoidi ya bei mbaya.

Forester ya yule kijana niliipulizia hewa kwenye njia ya turbo na kuipaka maji ya sabuni kabla ya kugusa kitu kingine. Mpira unaounganisha turbo na intakula ulitoa povu kutoka kwenye ufa wenye urefu wa kidole. Tuliubadilisha, akaenda mpaka Buhongwa na kurudi, akashuka anacheka. Kisha akauliza kama psi 18 bado inawezekana. Kiboksi chake kiko kabatini kwangu.