Saratani ya utumbo mpana: tundu dogo sio kazi nusu

Tangu kampeni ya Machi ya saratani ya utumbo mpana ianze, maswali kuhusu upasuaji wa matundu madogo, ule wa kuingiza kamera na vifaa tumboni bila kupasua wazi, ni yaleyale: daktari, kwa vitundu vile mmetoa uvimbe wote kweli? Mwingine anasema bora asiguswe kabisa maana hewa ikiingia tumboni saratani inasambaa. Jamani. Hewa haisambazi saratani, tumeshalisema hili mpaka koo limekauka.

Hofu ya matundu lakini, niwe mkweli, ilianzia kwetu madaktari. Operesheni hizi za utumbo mpana zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na miaka ileile kuna wagonjwa saratani iliwaota palepale vifaa vilipopita. Ndo Marekani na Canada wakagawa wagonjwa 872 kwa kura, wengine matundu wengine kupasuliwa wazi, na daktari hakuingia kwenye utafiti kama hajafanya angalau 20 za matundu. Majibu yakatoka 2004: ndani ya miaka 3 saratani ilirudi kwa asilimia 16 ya wa matundu na 18 ya waliopasuliwa, tofauti ambayo kitakwimu haihesabiki, kwenye kovu haikufika hata asilimia 1. Walipofuatiliwa hadi miaka 5, waliokuwa hai ni kama asilimia 76 na 75. Kwahiyo matundu hayakuongezei maisha wala hayakupunguzii, yanakupa maumivu kidogo na kutoka wodini mapema, basi.

Ila kwenye utafiti huohuo wagonjwa 21 kati ya 100 walianza na matundu wakaishia kupasuliwa wazi. Ndo maana fomu ya ridhaa ina mistari yote miwili, wa matundu na wa kupasuliwa wazi, na utasaini kabla ya kuingia theatre, sio ndugu kuja kutugombeza baadaye eti tulibadilisha mpango.

Kinachoamua miaka yako ni hatua ya ugonjwa. Kipande cha utumbo kilichotolewa kinaenda patholojia, maabara ya kupima nyama, na tezi za limfu zinazopimwa zisipungue 12, zikikutwa na saratani unahitaji kemo (dawa za kuua saratani), usisubiri miezi. Halafu kliniki: damu ya CEA (kipimo cha kufuatilia kama saratani inarudi) kila miezi 3 hadi 6, picha ya CT kwa ratiba ya daktari wako, kolonoskopi (kamera ya kuangalia ndani ya utumbo mpana) baada ya mwaka. Watu wanapotelea hapa, kovu limepona dogo zuri mtu anaona kamaliza, anarudi ini limeshaingiliwa na saratani.

Ukihamia mkoa mwingine beba kopi ya ripoti ya patholojia, ile karatasi ya kuruhusiwa peke yake haitusaidii kitu.