Anayeona ni Nani, Jicho au Ubongo? Dhana Potofu na Ukweli Wake

Simama mbele ya kioo, usogee karibu. Tazama jicho lako la kushoto, kisha hamishia macho kwenye la kulia, halafu urudi. Fanya hivyo mara kumi. Hutayaona macho yako yakisogea hata mara moja. Sasa mwite mtu akutazame ukirudia: yeye atayaona yakiruka huku na huku waziwazi. Mwenye macho ndiye asiyeona. Kila macho yanaporuka, ubongo hufifisha habari za muda ule mfupi, maana zingekuwa ukungu mtupu, na wala haukujulishi kwamba umefanya hivyo.

Nimeanza na kioo kwa sababu mengi tunayoambiana kuhusu kuona yanaanguka hapohapo.

Dhana: Jicho ni kamera, na ubongo hukaa nyuma ukitazama picha

Kamera nzuri hunasa kona zote za picha kwa ukali uleule. Jicho haliwezi. Katikati ya retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, kuna kishimo kidogo ambako seli za rangi zimesongamana, na ni hapo tu unapoona kwa ukali kamili. Nyoosha mkono mbele yako: upana wa dole gumba ndio karibu upana wote wa eneo hilo. Kaza macho kwenye neno HILI bila kuyahamisha, kisha jaribu kusoma maneno ya mwisho wa mstari. Utajua kuna maandishi pale, ila kuyasoma ni shida. Tunachokiita kuona chumba kizima ni macho yanayoruka mara 3 hivi kwa sekunde, yakichota kipande hapa na kipande pale, na ubongo unaoviunga vipande hivyo na kumbukumbu ya vilivyotangulia.

Kuna hesabu inayonishangaza kila nikiirudia. Retina ina seli zinazopokea mwanga zaidi ya milioni 120, lakini mshipa wa fahamu unaotoka nyuma ya jicho una nyuzi milioni 1 hivi tu. Haiwezekani kila seli ipate uzi wake. Kwa hiyo uchambuzi huanzia ndani ya jicho lenyewe: retina hulinganisha kila sehemu na jirani yake, na hupeleka zaidi habari za pale mwanga unapobadilika kuliko pale ulipotulia. Kinachosafiri kwenda ubongoni ni ripoti fupi. Picha kamili imebaki nyuma.

Ripoti hiyo hufika kisogoni, sehemu ya ubongo iliyo mbali kabisa na macho. Mwaka 1958, huko Baltimore, Marekani, watafiti David Hubel na Torsten Wiesel walikuwa wakisikiliza seli moja ya eneo hilo katika ubongo wa paka, umeme wake ukigeuzwa kuwa mlio wa spika, huku wakimwonyesha madoa ya mwanga na ya giza. Kwa saa nyingi seli haikujali. Kisha, walipokuwa wakichomeka kipande kingine cha kioo chenye doa kwenye projekta, ikalipuka kwa milio mfululizo. Doa lenyewe halikuhusika. Kilichoiamsha ni kivuli chembamba cha ukingo wa kile kioo, mstari uliopita ukiwa umeinama kwa namna fulani. Mstari ukiinama vingine, seli ile hunyamaza na nyingine huanza. Kutoka kwenye mistari midogo kama hiyo ndipo ubongo unapoanza kujenga umbo la kiti, la mti, la uso wa mtu. Kazi yao iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Dhana: Picha huingia jichoni kichwa chini, kisha ubongo huigeuza

Nusu ya kwanza ni kweli, na mwanaanga Mjerumani Johannes Kepler aliieleza tangu 1604. Nusu ya pili inadhani mna skrini kichwani na mtu mdogo anayeitazama. Hakuna. Ubongo unachohitaji ni kujua tu kwamba sehemu fulani ya retina inawakilisha juu na nyingine chini, na hilo hulijua kwa kulilinganisha na mikono na mwili. Katika miaka ya 1890 mwanasaikolojia Mmarekani George Stratton alivaa lenzi iliyopindua kila kitu, jicho lake la pili likiwa limefunikwa. Mwanzoni alinyoosha mkono kusiko. Baada ya siku chache mikono ikazoea. Siku ya nane alipoivua, ulimwengu wa kawaida ulimtatiza kwa saa kadhaa.

Dhana: Jicho la kushoto huhudumiwa na ubongo wa kulia, na la kulia na wa kushoto

Hili limeenea mno, na lina madhara. Kila jicho hupeleka habari pande zote mbili za ubongo. Mishipa ya macho hukutana njiani, na karibu nusu ya nyuzi za kila mmoja huvuka. Matokeo yake, kila kilicho upande wako wa kushoto, kiwe kimeonwa na jicho lipi, hushughulikiwa na ubongo wa kulia.

Mtu akipata kiharusi nyuma ya ubongo upande wa kulia, hupoteza nusu ya kushoto katika macho yote mawili. Hugonga bega la kushoto kwenye miimo ya milango. Akisoma, huruka mwanzo wa mistari. Nyumbani watasema jicho la kushoto limeharibika, watanunua miwani, na siku zitapita. Afunike jicho moja, kisha la pili. Kama ni upande uleule unaokosekana kwa kila jicho, tatizo huenda liko nyuma ya macho, na likiwa limetokea ghafla, ni la kukimbiza hospitali saa hiyohiyo.

Dhana: Kama kungekuwa na pengo katika uoni wangu, ningeliona

Unalo, na umezaliwa nalo. Pale mshipa wa fahamu unapotokea, retina haina seli hata moja ya kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte alilifichua hili katika karne ya 17. Nyoosha mikono yote miwili, madole gumba yakiwa yamesimama sambamba. Funga jicho la kushoto, kaza jicho la kulia kwenye dole gumba la kushoto, kisha sogeza dole gumba la kulia polepole kuelekea kulia. Likifika kama sentimita 15 hivi kutoka lile la kushoto, ncha yake itatoweka. Hutaona shimo jeusi. Utaona ukuta ulio nyuma yake, kwa sababu ubongo umepajaza.

Dhana: Macho yakiwa mazima, mtu anaona

Mwaka 1983 watafiti nchini Ujerumani walieleza habari za mwanamke ambaye macho yake yalikuwa mazima na alitambua rangi na sura za vitu, ila ubongo wake ulikuwa umepoteza uwezo wa kuona mwendo. Akimimina chai, aliona mchirizi uliosimama kama barafu, hakujua kikombe kinajaa, na chai ikamwagika. Gari lililokuwa mbali mara lilikuwa mbele yake, bila kuliona likija.

Kwa watoto jambo hili ni la haraka zaidi. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo, kwa kutumia kile macho yanachouletea. Jicho moja likiwa na makengeza, mtoto wa jicho, au nguvu tofauti sana na la pili, ubongo hulipuuza, na baadaye hata jicho likitibiwa, uoni huenda usirudi wote. Ndiyo maana mtoto wa jicho anayeziba uoni tangu kuzaliwa huondolewa katika wiki za mwanzo, na mtoto mwenye jicho vivu, yaani lile lililopuuzwa, hupewa miwani au hufunikwa jicho lake lililo zuri kwa saa kadhaa kwa siku, ili ubongo ulazimike kulisikiliza lile lingine. Mtoto mwenyewe halalamiki, maana hajawahi kuona vinginevyo. Lakini mfunike jicho moja kwa kiganja akiwa anacheza, kisha la pili. Akitulia ukifunika la kushoto, na akalia na kuusukuma mkono wako ukifunika la kulia, mpeleke kwa daktari wa macho wiki hii hii: huenda la kulia ndilo pekee analolitegemea.