Hifadhi ya Nyasi Ndefu Oklahoma: Tazama Nyasi Kabla ya Wanyama

Kaskazini mwa mji wa Pawhuska, jimboni Oklahoma, Marekani, barabara ya changarawe huingia katika hifadhi ya Tallgrass Prairie, yenye hekta zipatazo 16,000. Ukipata nafasi ya kupita huko, tenga nusu siku na uendeshe polepole.

Zamani mbuga za nyasi ndefu zilitanda kutoka Kanada hadi Texas. Leo imebaki chini ya asilimia 4. Kwingine kwingi kumelimwa, hasa mahindi na soya. Vilima vya hifadhi hii vilisalimika kwa sababu udongo wake ni mwembamba, chini yake kuna chokaa na gumegume, na plau haikupenya. Vikawa malisho ya ng'ombe. Mwaka 1989 shirika la The Nature Conservancy lilinunua ranchi moja kubwa hapo, na mwaka 1993 likaachia baisoni 300, yaani nyati wa Amerika. Sasa wamezidi 2,000.

Ila wanyama peke yao wasingeirudisha mbuga. Waosage, wenyeji wa nchi hiyo, walikuwa wakichoma nyasi tangu kale, na wahifadhi wamerejea desturi hiyo: kila mwaka huchoma takriban theluthi moja ya eneo la baisoni, kipande kwa kipande, kwa misimu tofauti. Hayo utayaona kwa macho yako ukiwa njiani. Hapa pamebaki majivu. Pale majani mafupi yamechipua, na baisoni wamejazana kwa kuwa machipukizi yana lishe. Ng'ambo ya barabara hakujachomwa bado: nyasi zimepita kimo cha mtu, na zile kavu hurundikana chini hadi zamu ya moto ifike. Wako ndege wanaotaka uwanda mtupu, wako wanaotaga ndani ya makavu hayo. Mbuga yenye vipande tofauti huwatosha wote. Ndiyo maana inaniuma kusikia kila moto wa nyikani ukiitwa uharibifu.

Pasipo na mnyama karibu, shuka utazame kisuke cha nyasi kuu ya huko: kimegawanyika mara tatu, mithili ya mguu wa bata mzinga.

Jaza mafuta Pawhuska kabla ya kuingia. Kundi likiziba barabara, subiri ndani ya gari wala usipige honi. Dume hufikia kilo 900 na hukimbia kilomita 50 kwa saa. Julai na Agosti, msimu wa kupandana, huwa wakali zaidi.